Brashi ya Elfu Mbili

Nimeinunua Wete, kwa Mbarouk Shaame,
duka linalouza misumari na biskuti kaunta moja.
Ilining'inia kwenye kadi ya njano iliyopauka,
mpini mwekundu kama pipi ya kijiti,
nywele zimesimama, kipara katikati,
kama mtu aliyeamshwa kabla ya adhana.

"Elfu mbili," kasema.
"Nywele za mnyama gani?"
Kanitazama kama nimemtukania mama yake.
"Yakhe Haroub, nailoni hiyo. Nailoni tupu, wallahi."
Kiapo cha mwenye duka naujua uzito wake:
mie karani wa mizani, miaka kumi na tisa
napima karafuu za watu,
gunia lililorushiwa maji nalijua kwa kulinyanyua tu.

Maana nyumbani ninayo nyingine.
Binamu yangu Mattar kaniletea kutoka Maskati,
mpini wa pembe, sanduku la mahameli,
laini kama utosi wa mtoto wa arubaini.
Nilipomuuliza nywele za nini, alicheka:
"Za ghali."
Miezi minane imelala kabatini juu ya kanzu ya Idi,
haijaonja maji.
Sijasema ni ya nguruwe. Sijasema si ya nguruwe.
Lakini uso huu ndio ninaouweka kwenye mkeka
mara tano.

Basi leo Ijumaa, jua halijapanda,
nimeng'oa unywele mmoja wa ile nyekundu
(haukukataa kung'oka, hilo niliseme)
nikausogeza kwenye kaa, jikoni kwa Mwatime.
Unywele wa mnyama ukiungua hunuka kwato.
Huu ulijikunja, ukawa tone jeusi
la ukubwa wa kichwa cha pini,
ukanuka ndoo iliyosahauliwa karibu na moto.
"Alhamdulillahi," nikasema.
Mwatime kageuka, upawa mkononi:
"Unashukuru nini, kuunguza brashi mpya?"

Maji ya moto kwenye kopo la bati.
Kipande cha sabuni, kile cha mwisho, chembamba kama ulimi.
Nailoni haishibi maji:
huyabeba kama mtoto aliyetumwa kisimani,
nusu yamefika, nusu yako kwenye kiwiko.
Nikazungusha. Yakaja mapovu makubwa, ya kijinga,
yanayopasuka kabla hujayatazama.
Nikazungusha tena.
Mkono ulipokwisha kata tamaa ndipo yalipokuja madogo,
meupe, mazito, kasimile hasa,
ungeweza kupalia wali.

Nikajipaka. Inakwaruza
kama ufagio wa chelewa kwenye uwanja uliolowa,
na ndevu zote zikaamka, hata zile za kooni
ambazo siku zote hulala chali zikanidanganya.
Wembe ukashuka, krr, krr,
sauti ya mtu anayekuna nazi nyumba ya tatu.
Chini ya pua, pumzi nimeibana.
Wamesema mwenzio akinyolewa, wewe tia maji;
mie sina mwenzangu hapa ila huyu
wa kwenye kipande cha kioo, mlango wa choo,
naye kila nikitia maji, anatia.

Shabu kidevuni, palipotoka damu.
Nikahesabu nyuzi zilizoachwa usoni: saba.
Kwa hesabu hiyo haiuoni mwezi wa Ramadhani.
Nikaisuuza, nikaikung'uta, nikaitundika kichwa chini
kwenye msumari wa Mbarouk huyo huyo.

Adhuhuri, kabla sijavaa kofia, simu. Mattar,
uso wake umejaa kioo kizima:
"Mashaallah, unang'aa! Si nilikwambia?
Umenyolea brashi, eeh?"
"Nimenyolea brashi," nikasema.
Neno halikuzidi, halikupungua.
Ila mshale wa mizani, nauona mie,
ulitikisika kidogo kabla haujalala.