Honora Anazeeka Saba

Bati lilikuwa la biskuti za Krismasi,
kutu imeula mkono wa malaika kwenye kifuniko.
Shangazi Loretta alilisukuma kwangu juu ya meza
kama mtu anayelipa deni la mwingine.
"Chukua," alisema. "Mimi macho yamekwisha,
na waliomo humo hawakuwahi kunitumia hata salamu."

Nje, theluji chepechepe iliishukia Lowell,
mfereji wa viwanda umelala mweusi.
Nikaanza na mwisho, ndivyo wanavyoanza wafukuaji:
cheti cha kifo, Februari 1903.
Honora Geraghty. Mapafu. Mjane.
Jina la baba: Tuohy. Jina la mama: halijulikani.
Halijulikani na nani?
Aliyelijua ndiye aliyelazwa jenezani,
na yeye hakuna aliyemuuliza.

Nikarudi nyuma, sensa kwa sensa.
Karani wa mwaka wa sitini kamwita Garity, miaka ishirini na minane.
Wa sabini, Gerrity, thelathini na mitano.
Wa themanini alikuwa na haraka, au njaa:
Garty, arobaini na miwili.
Kila miaka kumi, Honora anazeeka saba.
Nilicheka peke yangu mpaka shangazi akageuka.
Ile mitatu alikuwa akiificha wapi?
Ndani ya soksi, pamoja na senti?

Kwa jambo moja makarani wamekubaliana:
hajui kusoma, hajui kuandika.
Saini yake ni mistari miwili iliyokatana,
mmoja mrefu, mmoja umeishia njiani,
kama mtu aliyeitwa kabla hajamaliza.
Iko kwenye cheti cha ndoa, kando ya jina la Malachy,
mtia rangi wa kiwanda cha mazulia
ambaye, wanasema, alizikwa na kucha za buluu.
Iko kwenye stakabadhi thelathini na moja za benki,
zimefungwa kwa uzi wa pamba:
dola nne, Machi; dola nne, Septemba;
kwa Sabina, Scarriff, Jimbo la Clare.
"Dada yake," alisema shangazi.
"Kule kila mtu alikuwa na dada."

Basi ikaja sensa ya mwaka 1900,
iliyowauliza kina mama swali ambalo jirani hathubutu:
umezaa wangapi? Walio hai wangapi?
Tisa, ameandika karani. Wanne.

Nikafungua nakala za ubatizo za parokia,
nikapanga maharage mezani, punje kwa jina:
Thady, Winifred, pacha wasiofika Pasaka,
Delia, Cornelius aliyechukuliwa na mfereji,
Malachy mdogo na Annie, surua, wiki moja.
Nane.
Nikaondoa waliokufa. Zikabaki tatu.
Nikahesabu tena, na tena.
Punje moja ilikosekana miongoni mwa waliozaliwa,
na ileile ilikosekana miongoni mwa walio hai.

Orodha ya meli, 1851:
Honora Tuohy, miaka ishirini na miwili, mtumishi, peke yake.
Peke yake.
Miaka aliyoificha ilikuwa na mtoto ndani yake.

Sasa namwona mlangoni, Juni, unga mikononi,
kijana wa serikali anafuta jasho la shingo.
Delia hayupo, yuko kiwandani.
Mwanamke aliyewapunja makarani miaka arobaini
anaangalia barabara, juu, chini,
na kwa mgeni asiyemjua, ambaye hatarudi,
anatoa hesabu kamili.

"Shangazi," nikasema, "Sabina hakuwa dada."
Aliinuka, akazima birika ambalo halikuwa limechemka.
"Liandike," akasema, "lakini kwa kalamu ya risasi."
Nikapekua droo zote za jikoni mle.
Nyuzi, betri, rozari iliyokatika.
Kalamu ya risasi haikuwamo.