Hesabu ya Pumzi

Kibanda cha waya kimeng'oka kituoni El Alto,
kinaning'inia juu ya mapaa ya bati na nguo zilizoanikwa,
nami ndani yake nimefumbata bahasha ya kodi
kama mtu aliyeshika kaa la moto kwa adabu.

Boliviano mia tisa na arobaini hazionekani.
Nimezitafuta usiku kucha,
chini ya risiti za unga, chini ya risiti za mishumaa,
hata ndani ya buli.
Saa tatu kamili Don Severo atafungua daftari,
atalamba kidole, atafika ukurasa ule.
Nitasema nini?

Kifua kimekaza. Vidole vinachonyota.
Ulimi umekuwa gome.
Ndipo nikakumbuka alichonipachikia Jhoselin, mpwa wangu,
kwenye simu, Jumapili, huku akinywa supu ya karanga:
“Shangazi, ukizidiwa, bonyeza hapa.”

Nikabonyeza.

Duara la buluu likachomoza kiooni,
likaumuka polepole kama unga uliotiwa hamira,
na sauti ya mwanamke asiyedaiwa na mtu
ikaniambia: Vuta. Moja, mbili, tatu, nne.
Shikilia. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba –

Saba!
Dada yangu, wewe unaishi wapi?
Huko kwenu hewa ni uji mzito,
mtu huibugia akabakiza ya jioni.
Hapa kwetu, mita elfu nne juu ya bahari
tusiyokuwa nayo,
hewa hupimwa kwa kijiko,
na anayeshikilia hadi saba
hufika kituo cha pili akibebwa.

Nikacheka.
Hakikuwa kicheko cha maana, mlio tu,
kama cherehani iliyokwama ikaachia.
Lakini kilipotoka, hakikutoka peke yake.

Basi nikapanga hesabu yangu:
tatu ndani, moja ya kushika, tano nje.
Mimi ni mtunza hesabu, tarakimu hunisikiliza
(isipokuwa zile mia tisa na arobaini).
Duara likaenda zake, mimi zangu,
kama majirani walionuniana wanaotumia njia moja.

Tatu. Moja. Tano.
Chini yetu mbwa juu ya paa anabweka bila sauti.
Tatu. Moja.
Mlima na theluji yake haujasogea tangu jana.
Tano.

Mkabala nami, kijana mwenye keki ya harusi mapajani,
ghorofa tatu, mawaridi ya sukari,
yaliyokuwa yakitetemeka tangu tulipopanda.
Sasa yametulia.
Namwangalia: macho yake yamo simuni mwangu,
mabega yanapanda na kushuka pamoja na ile buluu.
Hatukusemezana.
Tulichangia hewa kama watu wanavyochangia kikombe,
kila mmoja akimwachia mwenzake.

Kisha simu ikazima. Chaji, asilimia sifuri.
Tukatazama kioo cheusi, yeye na mimi,
na kifua kikaendelea kuhesabu
kama mtoto aliyeachiwa baiskeli asijue.

La, sikukumbuka pesa zilipo.
Hesabu bado haikai.
Ila mkono umefunguka, na juu ya bahasha
kuna alama nne za kucha, zangu mwenyewe.

Mlango ukafunguka.
Kijana akatangulia na keki yake, hatua kwa hatua.
Nikafuata na upungufu wangu,
tatu ndani, moja, tano nje.