Buti Nane

Kazi yangu ni miandiko. Mahakama ya Jinja huniletea
hati za viwanja, wosia, risiti zenye madoa ya chai,
nami hutazama mkia wa herufi, wino ulivyonywewa,
mahali mkono uliposita kabla ya jina.
Sisemi nani mwongo. Nasema tu: karatasi hii
haijafika umri inaojidai.

Jumapili alikuja Mjomba Balidawa,
msomaji wa masomo kanisani Walukuba tangu ujana wake,
swali amelifunga kama sadaka kwenye ncha ya leso.
Mjukuu amerudi chuoni na kumwambia:
Babu, vile vitabu viliandikwa karne nyingi baadaye,
na watu ambao hawakuona kitu.
"Wewe unayepima karatasi za watu," akasema,
"nipimie na hiyo."

Nikamfungulia kiganja.
Kuna kipande, Mjomba, hakizidi hapa,
cha mafunjo, yaleyale yanayowakata vidole wasuka mikeka
kule kinamasini Kirinya, karibu na ukuta wa gereza.
Kilipatikana Misri, yanakokwenda maji yetu
yakishatupa kisogo.
Hakina tarehe. Waliosoma herufi zake moja moja,
kama ninavyosoma mimi sahihi za marehemu,
wengi husema karne ya pili, kisha huanza kubishana
mwanzoni au mwishoni.
Mwandiko hauapi siku wala mwezi;
mzee huzeeka na mkono aliofundishwa utotoni.
Upande mmoja, mfungwa yuko mbele ya liwali.
Geuza: bado wanaongea,
maneno yamebaki nusunusu.

"Hiyo ni nakala," akasema. Anasikiliza kuliko mahakimu wengi.
"Ya kwanza iko wapi?"
Ya kwanza haipo. Imeoza,
au imelika kwa mikono iliyoisoma.
Zipo barua zilizotangulia, miaka kama ishirini baada ya msalaba,
na mwandishi anataja watu ambao bado wanapumua,
kama asemaye, nendeni mkawaulize.
Halafu masimulizi yenyewe. Wengi wanakadiria
miaka arobaini. Pengine zaidi.

"Arobaini!" Akajipiga paja.

Kisha hakuna aliyesema,
maana hesabu ilitufikia pamoja.
Baba walimchukua mwaka wa sabini na saba,
viazi vikiwa motoni.
Shangazi Nangobi husema shati lilikuwa la buluu.
Shangazi Kagoya: jeupe, na kiatu kimoja tu mguuni.
Mama, mpaka anakufa, alisema waliingia watu watatu.
Mjomba alihesabu buti nane.
Hatukuandika. Nani angethubutu kuweka wino siku zile?
Tulikuja kuandika waliokumbuka walipoanza kwisha,
mwaka juzi, kwenye daftari la hesabu la mtoto,
na wakili mzuri angeuchana ushahidi wetu
kabla ya chai ya saa nne.
Lakini sahani yake ilikaa mezani imefunikwa siku tatu.
Hilo wanalisema wote,
hata wale wasiosalimiana.

"Basi ni kweli?" akauliza,
nisijue ananiuliza juu ya kipi.

Nikamjibu kwa sauti yangu ya kizimbani:
kijana amekosea karne, mashahidi walikuwa karibu zaidi.
Nakala zinatofautiana, ndiyo, neno hapa, mstari pale;
hivyo ndivyo mikono mingi inavyoonekana.
Mkono mmoja unaopanga uongo huwa msafi sana,
nimewaona wengi.
Ila lenzi yangu inaishia kwenye wino, Mjomba.
Kama yule mfungwa alikuwa nani,
hilo sikufundishwa kulipima.

Akainuka, akaifunga leso ikiwa tupu.
Mlangoni akageuka.
"Lile shati," akasema, "mimi sikuliona.
Nilikuwa chini ya kitanda.
Wasije wakaniandikia rangi.
Niliona buti.
Andika buti."