Sabini na Saba na Nusu

Kwa Sefu Likwata, nyuma ya mashine ya kusaga, Tandika,
vyuma si vyuma.
Ni saruji iliyogandia kwenye beseni, ikatobolewa tundu,
na kilo zimeandikwa kwa brashi
na mtu aliyekuwa na haraka zake.

Januari nilishika mkaa nikaandika ukutani:
TATU 60.
Vijana wakasoma mia tatu na sitini,
wakacheka mpaka Mbwiga akakalia tairi.
Tatu ni jina, jamani.
Mtoto wa tatu, fundi cherehani, miaka arobaini na minne,
goti la kushoto linalia kama kanyagio lililokosa mafuta.

Mbio ni zangu peke yangu, alfajiri,
uwanja wa shule, kabla mlinzi hajafunga redio yake.
Uwanja ule nimeupima kwa futi ya kazini:
mara mia mbili nimeinama,
mita moja na nusu, mita moja na nusu,
mlinzi akidhani natafuta hereni.
Mizunguko kumi na saba ni kilomita tano na chenji.
Raba za mwanangu, kubwa kwa namba moja,
nimezijaza mabaki ya vitenge.
Mzunguko wa kumi na mbili kichomi hunidaka ubavuni,
namwambia: shika hapohapo, imebaki mitano.
Agosti, dakika thelathini na nne.
Oktoba, thelathini na moja na sekunde tisa,
nikalala chali golini,
umande ukininywa jasho, au mimi nikiunywa, sijui.

Wiki ileile nikanyanyua themanini.
Kutoka chini mpaka kiunoni, nikasimama wima
kama pazia jipya.
Mkaa ukutani: TATU 80.
Safari hii hakuna aliyecheka.

Halafu Chande wa vyuma chakavu akanunua mzani wa betri,
akawa anapima kila kitu: kuku, mtoto wa jirani, matofali.
Akaja na kwa Sefu.
Ishirini ya kwanza: kumi na nane.
Ishirini ya pili: kumi na tisa na nusu.
Kumi na tano moja ilikuwa mkweli,
mwenzake alipungua nusu.
Bomba, tuliloliita kumi, lilizidi nusu, maskini,
likijitahidi kufidia ndugu zake.
Nikajumlisha kidoleni, kama ninavyojumlisha mita za vitambaa.
Sabini na saba na nusu.

Walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Na wako je, ukiwa na usufi ndani yake?

Mbwiga akasema: acha, dada, nani atajua?
Nikafuta kwa kiganja.
Kiganja kikawa cheusi siku nzima,
nikatia doa kwenye kola ya mteja,
nikaifua kwa mkono wangu bila kumwambia.
Mimi nikimpunguzia mtu nusu inchi kiunoni
gauni linamwumbua mbele ya wageni.
Basi nusu kilo zangu nizidai kwa nani?

Ijumaa nikaja na pasi mbili za mkaa,
yangu na ya Mwanaidi, mwanafunzi wangu.
Chande akazipima: moja na nusu, moja na nusu.
Tukazifunga huku na huku kwa lastiki ya sketi.
Sefu akainua nyusi, hakusema kitu.

Nikashika.
Nikavuta pumzi ya mzunguko wa kumi na tatu,
ile inayokuja baada ya kichomi kukata tamaa.
Sakafu haikuniachia mara moja.
Majivu yakaanza kudondoka, kwanza kushoto,
yakanipaka vidole vya miguu,
goti likalia, nikaliacha lilie,
na pasi zikawa zinaning'inia usawa wa mapaja yangu
kama zinasubiri nguo.

Nilichokoa kipande cha mkaa ndani ya pasi,
nikaandika taratibu, na nukta yake:
TATU 80.5

Gauni la bi harusi wa Mtoni lilichelewa saa moja.
Mama yake alinuna.
Nikamwambia pasi zilikuwa na kazi nyingine.