Spoku Kumi na Nane

Leo nimeifua shali ya Nyamizi.
Miezi saba ya sindano, nyingi yake usiku,
umeme ukikatika nikihesabu mishono kwa kidole.
Juzi nilifunga fundo la mwisho, ikanilalia mapajani
imekunjamana kama kabichi iliyobaki sokoni Kirumba.
Nikajiuliza: ndiyo hii ataivaa mbele za watu?

Maji ya vuguvugu. Sabuni nusu kifuniko.
Usisugue, nilijiambia kwa sauti, usikamue,
maana mikono yangu imelelewa na ovaroli za girisi.
Niliizamisha tu. Ikanywa, ikatulia,
na maji yakawa chai ya rangi:
jasho langu hilo, na moshi wa kibatari,
na kitu kingine nisichokijua jina.

Nikaiviringisha ndani ya taulo
nikaikanyaga kwa visigino, polepole,
huku nimeshika ukuta.

Kuitandaza ndiyo kazi.
Godoro sakafuni, pini arobaini, hazikutosha;
kati ya pini na pini ukingo ukarudi nyuma, meno meno.
Ndipo nikakumbuka kopo la Bugingo chini ya kitanda.
Miaka mitatu sijalifungua.
Spoku za baiskeli, nyingine hazijapata gurudumu.
Nikazipiga msasa, nikazipaka nta ya mshumaa,
zilizopinda nikazilaza juu ya jiwe la uani
(Igogo huhitaji kutafuta jiwe)
nikazigonga kwa mchi. Nyundo yake niliiuza.

Tundu kwa tundu nikazipitisha.
Vuta huku. Vuta na huku.
Shali ikafunguka:
majani yakawa majani, kila upenyo ukajua nafasi yake,
na maua ya shuka yakachungulia kutoka chini.
Mstari wa tisini na kitu, mshono mmoja umeruka.
Nimeuona. Nikaendelea kuvuta.

Saa kumi wingu la visubi likapanda kutoka ziwani.
Nikakimbilia madirisha, mlango nikauziba kwa kitenge,
mdudu mmoja tu akinasa kwenye sufu mbichi, basi.
Tukakaa mle ndani, joto, mimi na shali,
tukikauka.

"Mama, mbona umejifungia?"
"Usikanyage!"
Nyamizi akasimama kizingitini, viatu mkononi.
"Hizi si za baba?"
"Za nani tena?"
Akachuchumaa, akaigonga spoku moja kwa ukucha,
akainamisha sikio
vile vile alivyokuwa akipima gurudumu mzee yule,
akijua kwa mlio ipi imelegea.
Hii haikulia. Sufu ilikuwa imeishika.
Akaigonga tena.

Asubuhi nimezichomoa, moja moja, nikizihesabu.
Shali imebaki imenyooka, nyepesi, inapita kwenye pete.
Kwenye pembe moja kuna doa,
udogo wa punje ya mtama, rangi ya kutu.
Mama Kwandu wa jirani anasema ndimu na chumvi,
dakika tano tu, halionekani tena.

Ndimu zipo jikoni.
Nimeikunja mara nne, doa kwa ndani.