Hoja ya Mlango

Sikuingia kwa ajili ya siasa.
Niliingia kwa ajili ya mlango.

Mlango wa maktaba, Kitivo cha Uhandisi, Rosario,
mbao nzito, kitasa cha shaba kilicholika kwa viganja,
saa mbili kamili za usiku: kwa!
Na saa mbili kamili ndipo mimi navua aproni
kwenye duka la mikate,
nakata mitaa tisa mbio, unga ungali kwenye nyusi,
nafika, namkuta Don Anselmo anazungusha ufunguo,
ananitazama kwa huruma isiyofungua kitu.
"Kaliseme kwenye baraza la wanafunzi," akaniambia,
kama mtu anayekuelekeza msalani.

Baraza lilikaa chini kabisa, nyuma ya mashine za fotokopi.
Mabango yamebandikwa juu ya mabango
hata ukuta umenenepa.
Makundi manne, kila kundi na rangi yake,
na kila rangi yajua ni nani aliyekiuza chuo.
Ramiro Zabaleta alihutubu dakika arobaini
juu ya kesho ya bara zima.
Kibuyu cha mate kilizunguka, mrija mmoja, midomo thelathini.
Saa saba za usiku wakanigeukia: Na wewe, una lipi?
Nikasema: Mlango.

Wakacheka.
Kicheko kile ndicho kilichonigombesha.

Wanafunzi elfu tisa!
Nilibisha darasa kwa darasa, profesa kakunja uso,
dakika mbili nilizopewa kama sadaka,
koo limekauka mithili ya ganda la mkate wa juzi.
Nilisema "jamani", yaliyofuata yakanitoka.
Mmoja akapiga chafya.
Vikaratasi vyangu nilivikuta sakafuni vimepigwa mihuri ya viatu.
Nikapita hata hivyo, kwa kura kumi na moja.
Mama, kule Neuquén, aliuliza simuni kama wanalipa.

Kisha miezi minane
ya barua, ya nakala ya barua, ya kamati ndogo ya kamati,
ya ofisa aliyekwenda kula na hakurudi.
Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga;
hawakusema kikijaa kitammwagikia nani.

Julai, baridi ya kung'ata masikio,
mikono kumi na tisa juu, kumi na saba kinyume.
Maktaba itafungwa saa sita za usiku.
Ramiro alinikumbatia kana kwamba hoja ilikuwa yake.

Usiku wa kwanza tulikuwa saba.
Fundi mwashi, buti zake bado na saruji.
Dada mmoja na mwanawe kalala juu ya viti viwili vilivyounganishwa.
Taa ya kijani, kitabu cha nguvu za vyuma, kimya kinene.
Nilisoma ukurasa uleule mara nne kwa furaha.

Saa sita Don Anselmo alisimama mlangoni, koti kalifunga hadi kidevuni.
"Basi la mwisho?" nikauliza, tayari najua.
"Saa tano na nusu, binti. Si kitu. Miguu ninayo."

Kilomita saba.

Nyumbani nilitoa ile hoja, kurasa tatu, nikaipitia kwa kidole.
Mlango utafunguliwa. Taa zitawashwa. Mlango utafungwa.
Na nani?
Sarufi ilikuwa imemmeza mtu mzima,
nami ndiye niliyeiandika,
nami ndiye niliyepigiwa makofi.

Jumanne nikashuka tena nyuma ya fotokopi.
Kibuyu kilikuwa njiani, Ramiro yu kwenye bara lake.
Wakaniuliza: Sasa una lipi, si ulishinda?
Nikasema: Mlango.

Hakuna aliyecheka; walikuwa wamechoka.
Nikafunua karatasi. Mstari wa kwanza
ulianza na jina lake,
na nauli,
na saa za ziada kwa pesa, si kwa shukrani.
Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa kuomba sukari.
Nikaendelea kusoma.