Kuushusha Upinde

Jumamosi alfajiri, Muheza.
Umande haujatoka kwenye majani ya mkonge
na mimi nimeshasimama, mita thelathini
kutoka marobota matatu yaliyopangwa juu ya matofali.
Karatasi ya duara imebandikwa katikati;
njano yake, ukiitazama toka hapa,
haizidi kifungo cha shati.

Wiki nzima kazi yangu ni kupima machungwa.
Lori hupanda mizani, dereva hupiga kelele,
sindano hutetemeka, hutetemeka, hutulia,
nami siandiki kitu kabla haijatulia.
Kule najua kusubiri.
Huku, nikishika upinde tu, nasahau.

Mshale wa kwanza: miguu ilikuwa hapa,
moyo ulikuwa kwenye kikoba,
kwenye elfu arobaini za Bi Mwanaharusi
nilizoapa kulipa jana.
Ukapotelea nyasini.
Wa pili niliufuata kwa macho kabla haujaondoka,
kama mama anayechungulia dirisha la darasa
siku ya kwanza ya mwanawe shuleni.
Ukagonga tofali. Ncha ikapinda.

Kocha Semng'indo hakuuliza umekwenda wapi.
Hajawahi kuuliza hilo. Aliuliza:
"Vidole ulivipanga kabla ya pumzi, au baada?"
Sikujua.
"Basi huo si wako, Mwantumu. Umeuokota."

Akanikatia plasta ya hospitali
niibandike ndani ya upinde, niandike kwa kalamu:

miguu
ugwe
bega chini
pumzi nusu
shavu

baki

Pale kwenye mstari mtupu ndipo mshale unapoondoka.
Usiandike neno, alisema. Ukiliandika, utalisoma.

Baki lilinishinda miezi miwili.
Kubaki na mkono hewani, jambo limeshapita,
usinyanyue shingo, usiombe, usilaani,
kama aliyekwisha toa salamu
na bado hajainuka mkekani.
Nikawa nafanya nyumbani bila mshale,
mpira wa baiskeli umefungwa kwenye komeo la mlango,
vuta, shavu, acha, baki,
na Kombo, miaka saba, daftari la hesabu mapajani:
"Mama, umeruka bega."
Naanza upya. Wali unaungua. Naanza upya.

Kisha mashindano, Tanga mjini, uwanja wa shule,
watu ishirini na wanne na filimbi moja.
Mishale mitatu, dakika mbili.
Miwili ilikwenda vizuri, sikumbuki vipi.
Wa tatu ugwe umegusa shavu,
na pale pasipo neno
likaingia neno:
medali.

Vidole vilitaka kuachia. Vidole hutaka siku zote.
Bega lilianza kupanda kama mtu anayesikia jina lake.
Nikaushusha upinde.
Hakuna aliyenifundisha jinsi linavyochoma hilo,
kurudisha chini ulichokivuta kwa nguvu zote
mbele ya watu, saa inakwenda.
Nyuma yangu mmoja akasema, "Ameogopa."
Zilibaki sekunde kama ishirini.

Miguu.
Ugwe.
Nilisikia harufu ya plasta, ya jasho langu.
Bega. Nusu pumzi. Shavu.

Mkono ulikuwa bado hewani filimbi ilipolia.

Buluu. Pointi sita.
Nikawa wa kumi na moja.
Kocha hakuona, alikwenda kununua maji;
nikamsimulia mpangilio, namba sikumtajia.
Akatafuna muwa wake, akatema makapi,
akasema tukimbie, basi litatuacha.

Jumatatu, lori la kwanza kutoka Mkuzi,
machungwa yamefunikwa turubai lenye viraka.
Dereva ameegemea honi:
"Andika, dada! Si umeshaiona?"
Sindano inacheza kati ya namba mbili.
Kalamu iko mkononi.
Natua miguu. Nashusha bega.

Bado.